Wasee Hawapigi Simu Kama Zamani, Lakini Safaricom Bado Inakula. Inakulia Wapi?

Hebu kuwa mkweli. Mara ya mwisho kumtumia rafiki yako SMS ya kawaida, ile ya kukatwa bob moja, ilikuwa lini? Si ya benki, si ya M-Pesa, si ile ya kampuni ya kubeti inayokuamsha saa kumi na moja asubuhi ikidai una bonasi. Naongelea SMS ya kubonga tu. Wengi wetu hatukumbuki. Mshene wote umehamia WhatsApp, na ukitaka kumwona mtoto wa dadako aliye Doha unapiga simu ya video bila kufikiria mara mbili. Miaka kumi na tano iliyopita hiyo ingekumalizia mshahara.

Na bado, kila Mei Safaricom wakitangaza hesabu za mwaka, ni mabilioni juu ya mabilioni. Sasa swali ni hili: kama kile kitu walianza nacho, kuuza dakika na SMS, ndicho kitu tunakikwepa kila siku, hiyo chapaa inatoka wapi? Jibu si siri. Lakini ukilielewa utajua kwa nini bando yako inaisha muda, kwa nini msanii unayempenda bado anakuomba uweke Skiza yake, na kwa nini mama mboga wa mtaa wako siku hizi ana till.

Tuanze na SMS, kwa sababu hapo ndipo wizi mtamu zaidi duniani ulikuwa.

SMS moja ni herufi 160. Kwa lugha ya kompyuta hiyo ni baiti 140, yaani hewa. Ukitaka kujaza MB moja na SMS, utahitaji zaidi ya SMS 7,000. Kwa bei ya bob moja kila SMS, ina maana MB moja ya maneno yako ilikuwa inauzwa zaidi ya shilingi 7,000. MB moja! Leo GB nzima ya siku moja unapata kwa kama soo, ambayo ni kama senti kumi kwa kila MB. Na kitu kingine, SMS haikuwagharimu karibu chochote. Ilikuwa inapita kwa ile njia nyembamba ambayo simu yako na busta hutumia kusalimiana hata wakati hupigi simu. Njia ilikuwa imeshajengwa. Mtu akakaa hapo akaweka bei.

Halafu mwaka 2009 WhatsApp ikatokea. Hawakujenga busta hata moja, hawakuchimba barabara, hawakulipia leseni kwa serikali yoyote. Walichukua intaneti ambayo wewe ushanunua na wakapitisha ujumbe humo kama data nyingine yoyote. Miaka mitano baadaye, 2014, Facebook waliinunua kwa dola bilioni 19. Kampuni yenyewe ilikuwa na wafanyakazi wachache kuliko shule ya msingi ya Umoja ina wanafunzi wa darasa moja na stream zake.

Hapo ndipo mabosi wa kampuni za simu, kuanzia London mpaka Johannesburg, walianza kukosa usingizi. Shida haikuwa WhatsApp peke yake. Shida ilikuwa biashara yao yote ilisimama juu ya uhaba. Dakika ilikuwa ghali kwa sababu hukuwa na njia nyingine ya kumpata mtu. Intaneti ilipoingia, njia nyingine zikawa elfu.

Hapa Kenya hiyo hesabu ilichelewa kidogo. Kabla ya 2009 intaneti yetu ilikuwa inapitia setilaiti, ghali na polepole kama lori la mchanga linapanda Limuru. Mwaka huo ndio nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa. Kutoka hapo bei ya data ikaanza kuteremka, simu za Android za bei nafuu zikajaa Luthuli Avenue, na ikawa ni suala la muda tu.

Lakini kabla WhatsApp haijaleta ngori, kampuni zenyewe zilikuwa zishaanza kuumizana. Wale walikuwa wamebaleghe wakati huo wanakumbuka KenCell ikikata kwa dakika nzima hata ukibonga sekunde kumi, na Safaricom ikakuja na kukata kwa sekunde. Hiyo peke yake iliwapea wateja kibao, kwa sababu Mkenya wa simu ya "niko hapa stage, toka" hakutaka kulipia dakika ambayo hajatumia. KenCell ikawa Celtel, ikawa Zain, ikawa Airtel. Na Agosti 2010, wakati bado ni Zain, walitupa bomu: simu kwa bob 3 kwa dakika kwenda mtandao wowote.

Ile bei iliwezekana kwa sababu ya kitu ambacho watu wengi hawakijui. Ukiwa Airtel na upigie mtu wa Safaricom, Airtel lazima ilipe Safaricom ada ya kupokea hiyo simu. Mdhibiti, wakati huo ikiitwa CCK, aliishusha hiyo ada mwaka huo kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika. Imeendelea kuporomoka tangu hapo. Machi 2024 ilifika senti 41. Zamani ile ada ilikuwa kama ukuta unaomlinda mwenye wateja wengi. Ukuta ulipoanza kubomolewa, kila mtu alisema sasa Safaricom imeisha, watu watahama.

Watu hawakuhama. Walinunua laini ya pili.

Hapo ndipo penye hadithi yote. Cheki simu ya makanga yeyote, ina laini mbili. Moja ya kununua bando na dakika za bei ya chini, na nyingine ile ambayo haiwezi kutoka hata kwa nini, laini ya M-Pesa. Zain waliweza kuangusha bei ya kubonga. Hawakuweza kumfanya shosh aliye Mwingi ahame mahali anapopokelea pesa.

M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, na wazo la kwanza halikuwa hata la kutuma pesa nyumbani. Wale wa Vodafone waliokuja kuijaribu walitaka watu waliochukua mikopo midogo walipe kwa simu badala ya kupanga foleni. Kwenye majaribio, watu wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Na si ajabu. Wakenya walikuwa tayari wanafanya kitu kama hicho na kredo: unamsambazia mtu, yeye anaiuza kwa jirani, anapata pesa taslimu. Kampuni iliona tabia iliyoko mtaani ikaipa jina na bei.

Kuna kitu kingine kwa hiyo hadithi ambacho mimi naona ndicho muhimu kuliko teknolojia yenyewe. Safaricom tayari ilikuwa na vibanda. Kila kona ya nchi kulikuwa na mtu anayeuza kadi za kukwangua. Mtandao ule ule wa wauzaji ndio ukawa njia ya kupata maajenti wa M-Pesa. WhatsApp wanaweza kutengeneza apu ya kutuma ujumbe wakiwa California na iweze kutumika Kakamega siku hiyo hiyo. Hawawezi kuweka mtu kwenye kibanda cha mabati Kakamega, mwenye pesa taslimu kwa droo, daftari, na anayejua jina la mamako. Hiyo haishuki kwa Play Store.

Kwa hivyo fikiria kampuni ya simu iko na vitu vya aina mbili. Kuna vile ambavyo intaneti inaweza kuviiga bure: sauti, ujumbe, ringtone, ile huduma ya kupiga namba usikie habari. Hivyo vinakufa, haraka au polepole. Halafu kuna vile ambavyo intaneti haiwezi kuviiga kutoka mbali: minara na faiba iliyo ardhini, laini iliyosajiliwa na kitambulisho chako, ajenti wa mtaani, na ile imani kwamba pesa ikitoka hapa itafika pale. Hela za siku za usoni ziko kwa fungu la pili. Ukishaona hivyo, karibu kila kitu Safaricom imefanya tangu 2007, kilichofaulu na kilichoanguka, kinaeleweka.

Nambari zinaongea. Kwa mwaka ulioisha Machi 2022, mapato ya M-Pesa yalipita shilingi bilioni 100, juu ya mapato ya simu za sauti. Kwa mwaka ulioisha Machi 2025, M-Pesa ilikuwa imefika kama bilioni 161. Sauti haijakufa, bado ni kama bilioni 80 kwa mwaka, lakini imekaa pale pale miaka nenda miaka rudi huku watu na mahitaji yakiongezeka. Kwa hivyo ukisema "kampuni ya simu" ukimaanisha Safaricom, unaita kitu kwa jina la utotoni.

Sasa ona uzuri wa ule mpango kwa upande wao. Dem anauza viatu Instagram. Meta wanakula pesa za matangazo. TikTok wanakula muda wako. Mwenye boda anakula ya kupeleka. Lakini kila mtu hapo, mnunuzi, muuzaji, na mtu wa boda, analipana kwa M-Pesa. Haijalishi ulitumia apu gani kuona kile kiatu. Kampuni ya simu imehama kutoka kukaa mlangoni ikikata kila anayepita, ikaenda kukaa kwa kaunta ambapo kila biashara inaishia.

Na walifungua kaunta yenyewe. Zamani kuunganisha tovuti yako na M-Pesa ilikuwa kazi ya kutoa jasho na kujuana na watu. Mwaka 2017 wakaleta Daraja, njia ya watengenezaji wa programu kuunganisha mifumo yao na M-Pesa moja kwa moja. Ile meseji inajitokeza kwa simu ikikuambia weka PIN ulipe, mara nyingi imepitia hapo. Kutoka kwa tokeni za stima mpaka kodi ya nyumba, tiketi za shoo, chama, na ndiyo, kubeti.

Hebu tusimame hapo kwa kubeti kidogo, kwa sababu ndipo unapoona hiyo kaunta ina nguvu kiasi gani. Julai 2019 serikali iliandikia Safaricom ifunge paybill za kampuni 27 za kubeti kwa mambo ya leseni. Hakuna aliyezima tovuti zao, hakuna aliyefunga intaneti. Walifungiwa njia ya pesa tu. Kampuni zilizokuwa zinadhamini ligi na timu zikatetemeka mara moja. Yule anayeshika njia ya malipo haitaji kukuzuia kuingia mtandaoni.

Kwa hivyo Safaricom ni wajanja wa kila kitu? Hapana bwana. Wameanguka mara kadhaa, na karibu kila mara ni walipojaribu kuwa YouTube, Amazon au Facebook.

Unakumbuka Big Box? Ya 2015, kijisanduku cha kuunganisha na TV, uone chaneli na intaneti pamoja. Unakumbuka Masoko? Ilikuja 2017 ikisemwa itakuwa duka kubwa la mtandaoni. Ikaja kubaki zaidi mahali pa kununua simu na vifaa. Bonga, ya kuchati na kutumiana pesa? Songa, ya muziki? Kama umelazimika kusimama kidogo ujaribu kukumbuka, ushajibu. Hazikuwa mbaya sana. Shida ni kwamba apu ya muziki ya kampuni moja ya simu ya nchi moja inashindana na watu wanaogawa gharama zao kwa nchi mia moja. Na mse wa Airtel kwa nini apakue apu yenye sura ya Safaricom? Biashara ya intaneti inataka kila mtu. Kampuni ya simu kwa asili yake inataka wateja wake tu. Hivyo viwili havilali kitanda kimoja.

Kulikuwa na kitu kimoja tu cha burudani kilichofanya kazi kweli, nacho ni Skiza. Tangu 2009 ukipigia mtu unasikia wimbo badala ya kengele, na mwenye laini anakatwa vishilingi. Kwa nini Skiza iliweza pale Songa ilishindwa? Kwa sababu haikukuomba ufanye chochote. Hakuna kupakua, hakuna kadi ya benki, hakuna akaunti. Ilikaa ndani ya kitu walichomiliki, yaani simu yenyewe, na ikakata pesa kutoka kwa kredo uliyokuwa nayo tayari. Kwa wasanii wengi, hasa wa injili, ile ndiyo ilikuwa malipo ya kueleweka, hata kama kelele za nani anakula ngapi hazijaisha. Ile shilingi ya Skiza inapita kwa kampuni, kwa wale wa kati wanaosambaza nyimbo, kwa vyama vya hakimiliki, halafu ndiyo ifike kwa mwenye sauti. Wengi wamelalamika kwamba ikifika imekonda, na mimi niko upande wao.

Lakini kuna kitu kibaya zaidi ya mgao, na sioni wasanii wakiongelea. Ukimpigia mtu WhatsApp, Skiza hailii. Unasikia ile milio ya WhatsApp tu. Kila simu inayohamia kwa data ni mahali wimbo wa msanii ulikuwa unachezwa na sasa hauchezwi. Kwa hivyo msanii anapigania kipande kikubwa cha keki ambayo polepole inakuwa mandazi.

Hapo ndipo kampuni ya simu ingeweza kumsaidia msanii na yenyewe ipate chake, ikiwa ingekubali kuwa kaunta badala ya kuwa duka. YouTube inalipa kwa matangazo, na matangazo ya Kenya hayana bei ya Marekani. Lazima upate watu wengi mno ndiyo uone kitu. Lakini Mkenya anaweza kulipa kidogo kidogo kwa urahisi ajabu. Fikiria shabiki 5,000 wanaolipa kinde kila mmoja kuona video siku tatu kabla ya wengine, moja kwa moja kwa till ya msanii, bila mtu wa kati watano. Hiyo ni elfu hamsini kwa kitu ambacho kila shabiki alilipa pesa ya peremende. Hata Netflix walisoma mfuko wetu hivyo. Walitupa mpango wa bure wa Android kuanzia 2021, wakaufunga 2023, na mpango wa simu wakaushusha mpaka rwabe kwa mwezi. Pesa ndogo zipo. Anayeweza kuzikusanya bila kero ni mwenye M-Pesa.

Sasa tuje kwa bando, kwa sababu najua wengine mmekuja hapa kulalamika.

Kwa nini GB moja ya saa moja ni kama mbao, na GB moja ya siku nzima ni kama soo? Ni GB ile ile. Jibu liko stage. Mathree ya Rongai saa nne asubuhi inakuita kwa bei ya huruma, saa kumi na mbili jioni mvua ikinyesha inakutoza mara mbili. Gari ni lile lile. Gharama ya mwenye gari haitegemei sana kama umeketi au hujaketi; ameshanunua gari, ameshalipa dereva. Kiti kinachokwenda tupu ni pesa iliyomwagika, haiwezi kuwekwa akiba.

Busta ni hivyo hivyo. Ikishajengwa na kuwashwa, kuitumia nusu au kuijaza gharama zinakaribiana. Inachoogopa ni kila mtu kuingia saa mbili usiku kwa pamoja. Kwa hivyo bando la saa moja ni kukuuzia kiti kilichokuwa kitupu, na kwa sababu wanajua hutamaliza GB nzima kwa saa moja, hesabu yao inakuwa tamu zaidi. Zile ofa za Tunukiwa zinazotofautiana kati yako na jirani ni mchezo ule ule wa makanga: anakuangalia usoni anajua utakubali ngapi.

Je, kuisha muda ni haki? Hapo mimi nasema inategemea umeambiwa nini na una chaguo gani. Kwa miaka hukuwa na chaguo. Wakili mmoja akawapeleka kampuni hizi mbele ya tribunali ya mawasiliano kwa ajili ya hilo jambo, na Oktoba 2019 Safaricom wakaleta data isiyoisha muda. Ni ghali kidogo kwa kila MB, ndiyo, lakini ipo. Bila kelele isingekuja.

Si kila kampuni duniani imekubali kuhama mlangoni. Wengine wamejaribu kupigana na intaneti, na inafaa kuona ilivyoenda. Korea Kusini, SK Broadband walitaka Netflix iwalipe kwa sababu watu walikuwa wanatazama sana, hasa Squid Game ilipolipuka 2021. Walipelekana kortini mpaka wakapatana Septemba 2023. Twitch wao walichoka na gharama za mtandao za huko, wakafunga biashara Korea Februari 2024. Aliyeumia ni kijana wa Seoul aliyekuwa anapata riziki kwa kustrimu michezo.

Karibu na sisi, Uganda, ilikuwa serikali badala ya kampuni. Kuanzia Julai 2018 ukitaka kutumia WhatsApp au Facebook ulilipa shilingi 200 za Uganda kila siku. Watu wakafanya nini? Wakapakua VPN. Mwaka 2021 ile kodi ikatupwa, ikawekwa asilimia 12 juu ya data yenyewe. Ukikata watu mlangoni, wanatoboa dirisha.

Na tusijifanye sisi ni watakatifu. Starlink ilipoingia Kenya Julai 2023, wengi waliiona kama kitu cha matajiri wa Karen na kambi za watalii. Mwaka uliofuata wakaleta mpango wa shilingi 1,300 kwa GB 50, na ghafla haikuwa mchezo. Katikati ya 2024 Safaricom iliandikia mdhibiti, ikitaka kampuni za setilaiti zisipewe leseni za kujitegemea, bali zipitie kwa kampuni zilizoko nchini. Wakenya wa X waliwaosha vibaya sana. Septemba mwaka huo huo, wateja wa faiba ya nyumbani wakaongezewa kasi bila kuongezewa bei. Ile ya shilingi 2,999 ikatoka Mbps 10 ikawa 15. Kati ya ile barua na ile kasi, unaweza kuona kampuni moja ikiwa na vichwa viwili: kimoja cha mlangoni, kimoja cha kaunta. Novemba Starlink wenyewe wakasimamisha wateja wapya Nairobi na kaunti jirani, kwa sababu nafasi ilijaa. Setilaiti nayo ina msongamano wa Thika Road.

Airtel wamechagua njia tofauti: bei ya chini na data ya kutosha, kisha wanatumaini ule wingi utawabeba. Kwa mteja ni poa. Lakini hata wao wanajua pesa iko wapi. Mwaka 2021 Airtel Africa iliuza vipande vya biashara yake ya pesa za simu kwa TPG na Mastercard, kwa hesabu iliyoweka thamani ya biashara hiyo kwa dola bilioni 2.65. Mtu hatenganishi tawi la kampuni na kuliwekea bei kubwa hivyo kama haoni hapo ndipo kesho ilipo.

Kitu cha kuchunga ni hiki. Zamani kampuni ikikunyonya, ilikuwa kwa dakika, na ungeweza kunyamaza. Kuflash kulikuwa bure. Sasa inakula kwa kila unapolipa, na huwezi kuacha kulipa. Ndiyo maana mabadiliko madogo ya ada za M-Pesa yanaumiza kuliko bei ya simu ilivyowahi kuumiza. Na imeenda mbele zaidi: kutoka Okoa Jahazi, kukopa kredo kwa ada ya asilimia 10, mpaka M-Shwari mwaka 2012, mpaka Fuliza Januari 2019, ambapo ukipungukiwa dukani unaongezewa hapo hapo, na ada inaanza kuhesabika. Mtu anaamka deni limeshakula nusu ya pesa aliyotumiwa kabla hajaiona. Kwa mwanahisa hiyo inaitwa ukuaji. Kwa fundi wa mjengo wa Pipeline ni Jumatatu tu.

Mdhibiti ameshaanza kufungua mlango kidogo: tangu 2022 unaweza kuwa Airtel Money na ulipe kwa till ya M-Pesa. Ikiwa hiyo itafanya kazi vizuri mpaka mama mboga asijali pesa imetoka laini gani, basi ile laini ya pili kwa simu ya makanga itakuwa na sababu ya kuwa ya kwanza. Hapo bei za kutuma zitashuka, kama vile za simu zilivyoshuka baada ya 2010.

Na vita vijavyo sioni vikiwa vya Elon Musk. Viko kwenye ile nguzo nje ya keja yako. Tembea Kayole, Githurai, Mathare, utaona antena ndogo juu ya paa na bango limeandikwa Wi-Fi kwa mkono. Ni kijana amenunua faiba moja, ameigawa kwa ruta, anauzia mtaa intaneti ya kinde kwa masaa kadhaa. Kampuni kubwa zinamwona kama mwizi wa wateja, wengine wanataka afungiwe kwa kukosa leseni. Lakini yeye ndiye amefika mahali ambapo bando haifiki, kwa bei ambayo wao hawakuiwaza. Anayajua majina, anajua nani analipa Ijumaa, anakuja kurekebisha saa tatu usiku akiwa na slippers.

Na kwenye lile bango lake, chini ya bei, ameandika namba ya till.